Pua ya Mpimaji

Dereva wa lori la maziwa alipanda ngazi, akafunua mfuniko wa tangi la kupozea, na papo hapo akaurudishia kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu yumo ndani.

"Haya nani kayapokea?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, maana jibu lilikuwa limesimama pale pale limevaa aproni nyeupe. Kituo kizima cha kukusanya maziwa kilikuwa na mpimaji mmoja tu, mwanamke wa miaka thelathini na sita, na kila debe lililomiminwa kwenye tangi tangu alfajiri lilikuwa limepita chini ya pua yake.

Meneja alipanda, akanusa, akashuka. Waosha madebe wawili walijiziba pua kwa vitambaa vyao. Hata karani, aliyekuwa na mafua tangu wiki iliyopita, alitoka ofisini akauliza ni nini kinachonuka. Mpimaji naye akapanda. Aliinamisha uso mpaka ubaridi wa maziwa ukamgusa midomo, akavuta pumzi kwa nguvu. Tundu la kulia halikupitisha kitu. La kushoto lilipiga kile kimluzi chake chembamba, kisha likajifunga. Hakusikia harufu yoyote. Alikunja uso kama alivyowaona wenzake, akashuka.

"Yamechacha," alisema.

Mmoja wa waosha madebe, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alijifanya anaokota kitambaa karibu na miguu yake, akamnong'oneza, "Mafuta ya taa, dada. Ni mafuta ya taa."

Alinong'ona ili mwenzake apate kujirekebisha. Lakini Meneja alikuwa ameshasikia yote mawili.

Kazi ya mpimaji haikuwa na siri. Debe linafika, mfuniko unafunguliwa mbele yake, naye anainama saa hiyo hiyo, kabla harufu iliyojikusanya chini ya mfuniko haijatoroka. Pumzi moja, halafu neno moja: pokea, au rudisha. Akiwa na shaka huchota kidogo, akachanganya na spiriti kwenye kichupa. Yakikatika vipande vipande, yameharibika. Kwa miaka tisa spiriti ilitumika kwa nadra, kwa sababu pua yake ilikuwa haikosei. Wafugaji walikuwa wakitaniana kwamba ile pua inajua mpaka ng'ombe alilala upande gani. Lakini tangu alipofanyiwa operesheni ya pua, miaka miwili iliyopita, alikuwa akiinama kwa mazoea tu, anahesabu moja mbili, halafu anatia spiriti kila debe. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa spiriti inakamata maziwa yaliyochacha. Mafuta ya taa haiyajui.

"Spiriti ilikuwa inakwisha kila wiki," Meneja alisema, akiwageukia watu badala ya kumtazama yeye. "Nikadhani kuna mtu anaiuza. Kumbe kilichokwisha ni pua."

Watu walicheka, wengine kwa kuwa bosi ndiye aliyetania. Waliokuwa wakimwita Pua Mpya kwa kificho waliliita jina hilo wazi asubuhi ile. Kisha valvu ya tangi ikafunguliwa, na maziwa ya watu sitini na tatu yakaenda kwenye mtaro, meupe, mengi, yakichukua muda mrefu kuisha. Mpimaji alisimama akayatazama hadi tone la mwisho. Meneja alimpa wiki mbili: alete barua ya daktari inayosema pua yake inafanya kazi, au inaweza kutengenezwa. Kwa sasa ataosha madebe.

Yule mwanamke mnene alimsogezea ndoo iliyokuwa na maji ya moto zaidi, yeye akabaki na ile ya baridi.

*

Kesho yake, foleni ilipokwisha, alikuja mzee waliyemzoea kwa jina la Debe Moja, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa mmoja na debe lake moja. Siku hiyo alikuja mikono mitupu. Alivua kofia, akaomba kumwona Meneja mbele ya mpimaji.

Alieleza taratibu kwamba debe lake lilikuwa limetoboka, akaazima la jirani. Jirani aliwahi kulitilia mafuta ya taa. Alilisugua kwa majivu, akalisuuza mara tatu, akalianika.

"Na harufu hukuisikia, mzee?" Meneja aliuliza.

"Niliisikia. Kwa mbali." Mzee aliizungusha kofia mikononi. "Nilikuja nimeshaamua kusema. Nikamwona binti huyu ameinama, akanusa, akasema pokea. Nikajiambia, basi pua yangu ndiyo iliyozeeka. Mimi ni nani nibishane na ile pua?"

Halafu akaomba hasara yote iandikwe kwake, binti asiguswe. Meneja alimwambia aende nyumbani, hasara ya tangi zima haiandikwi kwa mtu mwenye debe moja. Alilisema kwa ukali, lakini alimshika mzee kiwiko mpaka kwenye lango, kwani pale palikuwa na utelezi.

Mpimaji aliendelea kusugua debe lililokuwa safi tayari. Kejeli za jana alizimeza. Lakini kusikia kwamba mtu aliacha kuamini pua yake mwenyewe kwa ajili ya hii ya kwake, hilo lilimkaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

*

Nyumbani walikuwa wanne. Mumewe alikuwa kinyozi mwenye kibanda cha viti viwili. Mama mkwe aliishi nao tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Binti yao wa miaka tisa aliitwa Kasuku na mtaa mzima kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, hata wazazi wake wakaitwa Mama Kasuku na Baba Kasuku.

Alipowaambia habari za tangi, hakuna aliyemlaumu. Mama mkwe alisema maziwa ni maziwa, ng'ombe watakamuliwa tena kesho. Mumewe aliuliza jambo moja tu.

"Daktari ni lini?"

"Nitakwenda mwenyewe Alhamisi. Wewe una wateja."

"Wateja wana nywele, Mama Kasuku. Hata wakingoja siku moja hazitawaua."

Alicheka, na mkewe akajilazimisha kucheka naye. Nyumba ile ilijua kwamba operesheni ile ilikuwa ya kutoa nyama za puani. Ndivyo alivyowaambia. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa na nyama wala kipande. Alikwenda katika zahanati ya binafsi iliyokuwa na picha za nyuso ukutani, akaonyesha kwa kidole pua anayoitaka, nyembamba, iliyonyooka, na akaipata. Kwa wiki chache ilikuwa nzuri. Kisha kuta zake zikaanza kunywea taratibu, kama mrija wa karatasi uliokaa sana kwenye chupa.

Kilichomwelemea zaidi ni ile wiki ya bandeji. Mama mkwe, na miguu yake ile, alikuwa akisimama jikoni kumchemshia supu, akaipoza, akamlisha kijiko kwa kijiko, akimpangusa kidevu kama mtoto. "Pole mwanangu," alikuwa akisema kila mara. "Maradhi hayachagui." Na yeye alikuwa akimeza supu ile pamoja na uongo.

Kwa hiyo mpaka Alhamisi hakutulia. Aliwaza aende siku moja kabla, peke yake. Aliwaza kumwambia daktari pembeni. Alipiga hata simu hospitali kuuliza kama mgonjwa anaruhusiwa kuingia na mtu. Sauti ya upande wa pili ilimjibu kwa upole kwamba anaruhusiwa, asiwe na wasiwasi, wengi huja na waume zao.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimulika pua tundu moja, kisha la pili, muda mrefu. Halafu akaweka kidole gumba juu ya shavu la kulia la mgonjwa, akalivuta kuelekea sikioni.

"Sasa vuta pumzi."

Mpimaji akavuta, na hewa ikaingia. Iliingia yote, baridi, mpaka nyuma ya kichwa, na ndani yake kulikuwa na harufu: poda ya kinyozi na ule mchanganyiko wa spiriti na limau ambao mumewe huwapaka wateja shingoni. Mumewe alikuwa ameketi nyuma yake, naye kwa miaka miwili alikuwa hamnusi. Machozi yalimtoka kabla hajajua kwamba yanakuja.

"Umesikia kitu?" daktari aliuliza.

Aliitikia kwa kichwa. Daktari akaliachia shavu, na mlango ukajifunga tena.

Daktari alieleza bila haraka. Harufu ingali hai, ila njia imebomoka. Gegedu, ule mfupa laini unaoshikilia kuta za pua, lilikatwa mno mara ya kwanza, na kuta zinaanguka kila akivuta pumzi. Kulijenga upya itabidi wachukue gegedu jingine kwenye ubavu. Operesheni ya marudio ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa ndani mna makovu. Anaweza kuvuja damu, ubavu utauma kwa wiki kadhaa, na wako watu ambao wamehitaji hata ya tatu. Kupumua kuna matumaini makubwa. Kunusa kuna matumaini, lakini asingependa kuahidi.

"Na sura," daktari aliongeza. "Itakuwa pana kuliko ilivyo sasa. Nataka ulijue hilo mapema."

Alichukua kalamu. "Operesheni ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Kiti cha nyuma kililia kidogo. Mpimaji alitazama kalamu.

"Nyama za puani," alisema.

Daktari hakuandika. Alimulika tena, akauzima mwanga. "Sioni mahali nyama ilipotolewa. Ninachokiona ni mfupa uliochongwa. Mama, sikuulizi ili nikuhukumu. Nikiingia humo bila kujua walikata wapi na kwa nini, nitakuwa napapasa gizani, na mwenye kuumia ni wewe."

"Naomba nikafikirie," alisema mpimaji.

Daktari alimwandikia Meneja barua fupi kwamba tatizo linaweza kutengenezwa, akawapa fomu waende nayo nyumbani. Ilikuwa na mistari michache tu ya kujaza. Alisema akiwa tayari airudishe Jumatatu, na asipokuwa tayari, asiirudishe, hakuna atakayemkasirikia.

Njia nzima mumewe alimbebea mkoba. Alizungumza habari za mteja mmoja mwenye upara anayekuja kila wiki kunyolewa kwa ajili ya mazungumzo tu. Hakuuliza kitu, na kadiri alivyozidi kutouliza ndivyo roho ya mkewe ilivyozidi kupanda juu.

*

Ijumaa na Jumamosi fomu ilikaa chini ya kitambaa cha meza. Alipokuwa akiosha madebe alijiambia atakataa, ataosha madebe maisha yake yote, mbona yule mwanamke mnene anaosha na anaishi. Alipopanda ngazi ya nyumbani akitweta kwa mdomo alijiambia atakubali. Halafu alikumbuka ubavu, na damu, na operesheni ya tatu, na ule mstari wa fomu unaouliza sababu ya operesheni ya kwanza, akarudi alikoanzia.

Jumapili mchana Kasuku alikuja na mpango wake. Alipanga vikombe vitatu vya maziwa mezani. Kimoja kilikuwa na yaliyochacha, alisema, ameyaacha dirishani kwa makusudi tangu juzi. Mama afumbe macho, anuse, achague. Mazoezi yatairudisha pua.

Mama alifumba macho, akanusa kimoja, cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa ubaridi. Akagusa cha katikati.

"Umepata," Kasuku alisema. "Mara moja tu, umepata. Nilikwambia."

Alisema hivyo, kisha akanyamaza, na Kasuku si mtu wa kunyamaza. Mama akafumbua macho kidogo. Alimwona mtoto akikichukua kikombe cha mwisho, cha kushoto, akikiendea karo polepole, akikimwaga huku akikohoa ili kuzuia mlio. Maziwa yalitoka vipande vipande.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga kwenye kigoda, aliona yote. Alimtazama mjukuu, akamtazama mkwewe, akaendelea kuchambua.

Mpimaji aliwafikiria Mzee Debe Moja na yule aliyejifanya anaokota kitambaa. Sasa na huyu, miaka tisa, akikohoa juu ya karo. Watu wote hawa walikuwa wameanza kusema uongo kwa ajili ya pua yake, na aliyeuanza ni yeye.

"Kasuku, mwite baba yako."

Kinyozi aliingia akipangusa mikono. Mkewe alivisogeza vikombe pembeni.

"Sikuwa na nyama," alisema. "Nilikwenda kuipunguza. Nilitaka iwe nyembamba. Niliwadanganya nyote. Mama, nilikula supu yako kwa uongo."

Mama mkwe hakuinua kichwa. "Ulikuwa na bandeji, ulikuwa huwezi kutafuna. Supu ililiwa na mwenye njaa."

"Nilijua," mumewe alisema.

Mkewe akamgeukia.

"Nashika nyuso za watu kutwa nzima, Mama Kasuku. Siku bandeji ilipotoka nilijua. Nikangoja useme. Baadaye nikaogopa ukisema, maana nilijua utasema imetokana na nini." Alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Kile kisherehe cha dada yangu. Nilipokutania mbele ya watu, kwamba tukipiga picha itabidi pua yako ilipiwe nafasi yake. Watu walicheka sana. Wewe pia ulicheka. Usiku ule niliona umekishusha kioo chako ukutani, na hukukirudisha tena."

Mkewe hakujua kwamba kuna mtu aliyeona kile kioo. Alitaka kusema haikuwa dhihaka hiyo peke yake, kulikuwa na mengine, ya tangu shuleni. Hakusema, kwa kuwa ilikuwa pia hiyo.

"Nisamehe," mumewe alisema. "Nilikuwa natafuta kicheko tu."

Kasuku alikuwa amesimama kwenye karo, macho yamemtoka. Mama alimwita, akamwambia alete vikombe vingine, avipange upya, na safari hii asimwonee huruma. Mtoto alianza kulia, akasema hakutaka mama ahuzunike. Bibi yake alimwita akampangusa kwa ncha ya nguo yake, akamwambia akishamaliza kulia afanye kama alivyoambiwa, maziwa ya dirishani yamebaki kwenye jagi.

Vikombe vilipangwa. Mama alifumba macho. Alinusa cha kwanza, akasikia ubaridi. Ndipo alipohisi kidole gumba cha mumewe kikitua juu ya shavu lake na kuivuta ngozi kuelekea sikioni, kwa wepesi ule ule anaowanyoshea wateja ngozi kabla ya kupitisha wembe. Mkono mwingine ulimshika kisogo asiyumbe.

"Vuta," alisema.

Hewa ikaingia. Cha kwanza kilikuwa maziwa matamu, yenye harufu ya mbali ya nyasi. Cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Cha tatu hakukimaliza, alirudisha kichwa nyuma kama dereva wa lori.

"Rudisha hiki," alisema.

Kasuku hakusema kama amepata au amekosa. Alikichukua, akakimwaga mbele ya watu wote, kwa mlio wake wote.

*

Jumatatu chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa, na mzee mmoja alisogea ili wakae pamoja. Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mkoba. Mpimaji aliikunjua juu ya goti. Alichoogopa sasa si aibu, bali ni ubavu na damu na ile operesheni ya tatu ambayo huenda ikaja. Hofu ilikuwa yote bado, hakuna aliyeipunguza.

Kwenye mstari wa sababu ya operesheni ya kwanza aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayeandikia mtoto: Nilitaka pua nyembamba. Chini, palipoulizwa anatarajia nini safari hii, alifikiri kidogo, akaandika: Kunusa maziwa. Kupumua. Iwe pana tu, si neno. Akatia sahihi.

Alimpa mumewe asome. Kinyozi alisoma kutoka juu mpaka chini, midomo ikimchezacheza. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Ndani muuguzi alikuwa akiita jina la mtu mwingine.

"Umesahau tarehe," alisema, akamrudishia kalamu.

"Leo ni tarehe ngapi?"

Akamwambia, naye akaiandika.